Fremu Isiyolipiwa

Mimi ni seremala. Mambo ya rangi siyajui.
Najua mvule unavyolia chini ya randa,
na najua deni: shilingi elfu thelathini na tano,
fremu moja, pembe nne, misumari isiyoonekana,
ya picha aliyoniachia Mwalimu Nyakoojo
mwaka ule kabla hajahamishiwa Kitgum.

Mtoto wa kike, miaka saba labda,
yuko kwenye kigoda, sweta ya shule imebaki na kifungo kimoja.
Mpaka hapo sina neno.
Lakini uso!
Uso wa kijani, jamani, kijani cha ndizi mbichi,
sikio moja linawaka rangi ya chungwa,
na chini ya kidevu bluu, ile bluu ya Rwenzori alfajiri
kabla haijajifunika wingu.
Kila pigo la brashi limesimama peke yake,
nene, kama udongo uliobandikwa ukutani kwa kiganja
na mtu anayejenga huku amekasirika.
Halafu mwili wote kauzungushia mstari mweusi,
kana kwamba aliogopa mtoto atamwagika.

Mkono wa kushoto haupo.
Yaani upo, kwa mkaa tu, mistari minne mitano,
kisha gunia tupu:
herufi tatu za kinu cha mahindi
zinasomeka pale ambapo vidole vingekaa.

Mama yake, Kabasomi, muuza mayai,
alikuja mara moja.
Akaitazama. Akanitazama mimi, kama vile ndiye niliyeipaka.
"Mwanangu si ndizi," akasema,
akaondoka, na trei kichwani haikutikisika.

Nikaigeuza ielekee ukuta.
Nikaigeuza tena; mgongo wa picha unakera kuliko uso.
Vumbi la msasa likamlalia kwenye nywele.
Wateja wa vitanda walibishana bei chini ya macho yake,
wakiuliza, "Huyu wako?"
Mwanzoni nilieleza. Baadaye nikachoka, nikaitika.
Kwetu Tooro humwamkii mtu bila empaako yake,
nami yake sikuwahi kuambiwa,
basi nikampa ya marehemu dada yangu: Abwoli.
Abwoli, umeamkaje. Abwoli, leo hakuna umeme.

Jumatano iliyopita akaingia mwanamke,
anataka kabati la viatu, ngazi tatu, lisilo na mlango.
Nilikuwa napima hewani kwa mikono
nikaona hanisikilizi.

"Asubuhi ile nilikuwa na homa," akauambia ukuta.
"Mama hakujua. Sikumwambia mtu,
nilikuwa nimeahidiwa mandazi mawili nikitulia.
Mwalimu anapaka, anakunja jicho, anapaka,
mara akauliza: mbona leo rangi zako zinanikimbia?
Akanigusa paji. Brashi ikaanguka.
Alinifunga mgongoni kwa koti lake
tukateremka na baiskeli mpaka hospitali ya Virika."
Akaonyesha gunia.
"Hapa ndipo alipokuwa amefika."

Nami, miaka kumi na tisa,
nimewaambia watu kwamba jamaa aliishiwa rangi.

Aliuinua mkono wake wa kushoto, taratibu,
akauweka pale. Ulizifunika herufi zote tatu
na ukazidi, ukapanda juu ya sweta,
juu ya kile kifungo.
Sikujua niangalie wapi. Niliangalia randa.

"Empaako yako?" nikauliza.
"Akiiki."

Akalipa nusu ya kabati. Picha hakuitaja,
wala mimi sikufungua daftari.
Mlangoni akageuka: "Usimgeuze ukutani."
Sijui nani alimwambia.

Leo nimefungua mapema. Nimepangusa vumbi,
nimetazama ule ukijani wa chini ya macho,
na mkono wangu, wenyewe, umetaka kugusa paji.
Akiiki, nimesema,
umeamkaje, Ab—
Akiiki.